Kijiji Kinachowaka kwenye Karatasi

Mkono ulioandika "ndiyo" ni huu wangu, wa kulia. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma bure, wala asidhani kwamba hasira zangu zote nimewatunzia wakubwa. Nina hasira ya kuwatosha wenye kiwanda, maafisa wa sekta, ile ofisi ya serikali iliyo juu ya vijiji vyetu, majirani zangu na hata mchungaji wetu, na bado linabaki fungu kubwa la kwangu mwenyewe.

Ninakaa Nkanka, Rwanda, upande wa chini, karibu na ziwa. Kutoka mlangoni kwangu naona maji ya Kivu, naona ng'ambo milima ya Kongo nilikozaliwa na kusomeshwa, na hapo katikati naona kiwanda cha gesi. Juu ya maji kuna jukwaa la chuma linalovuta gesi kutoka vilindini. Bomba linaileta ufukweni, na ufukweni kuna majengo yenye mitambo inayoichoma na kuigeuza umeme. Mitambo hiyo hunguruma kutwa bila kupumzika. Tulipolalamika mara ya kwanza juu ya kelele tuliambiwa tutazoea, na kweli tumezoea, kama mtu anavyomzoea mume anayekoroma.

Kutoka kiwandani nyaya nene zinapanda mlima juu ya nguzo za chuma, zinapita juu ya migomba yetu, zinakwenda zake mjini Kamembe na mbele ya Kamembe. Nguzo moja imesimama katika ua wa dada yangu mkubwa. Sisemi karibu na ua. Ni ndani ya ua, pale palipokuwa na mparachichi wake. Nyumba ya dada yangu haina umeme. Yangu haina. Hakuna hata nyumba moja yenye umeme katika mudugudu wetu, ndivyo tunavyoita kijiji hapa, na hakuna mudugudu ulio karibu na ukuta wa kiwanda kuliko wetu.

Dada huyo namwita Yaya, kama tulivyozoea kuwaita wakubwa wetu Bukavu. Katika watoto wa mama yetu tumebaki sisi wawili. Tulivuka pamoja kurudi Rwanda walikotoka wazazi wetu, tukajenga nyumba zetu mgongo kwa mgongo, tukawa tunakopeshana chumvi dirishani. Alipofiwa na mume alirudi Bukavu miaka kadhaa kufanya kazi kwa mzee mmoja mfuga kuku. Huko alikuwa mtu wa kuvezi, mashine ya kuangulia mayai. Ni sanduku kubwa kama kabati, lenye trei ndani, na linataka joto lilelile kwa siku ishirini na moja, lisipande wala kushuka. Yule mzee alipochoka na kufunga shamba, alimpa Yaya kuvezi moja kwa kumshukuru.

Wakati huohuo tulikuwa tumeahidiwa umeme. Yaya akaona Mungu amepanga. Aliivusha kuvezi yake mpakani ikiwa imefungwa kwa mablanketi, na mtu wa forodha akamuuliza kama lile ni frigo au jeneza.

"Ni maternite ya bakuku, Papa," Yaya akamjibu, yaani wodi ya kuzalia kuku, na yule mtu akacheka mpaka akasahau kumfungulisha kamba.

Mpango wake ulikuwa mzuri na mimi sijasikia mzuri kuliko huo kutoka kwa afisa yeyote. Hapa kwetu anayetaka vifaranga huagiza mbali sana, na wanapofika baadhi wamekufa njiani. Yaya angeangua hapahapa. Wanawake wa mudugudu wangeleta mayai na kuchukua vifaranga. Aliiweka kuvezi sebuleni, akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, akaniambia maneno ambayo nilipaswa kuyashika vizuri zaidi:

"Umeme ikikuya, nazeekea hapa na weye. Isipokuya, nitaenda fasi iko. Hii mashine haiwezi kunifia mu mikono."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Umeme uje, dada yangu abaki. Usipokuja, aondoke.

Nirudi nyuma, kwenye mkutano tulipopewa ahadi hiyo. Tulikusanywa kwenye uwanja wa shule kabla nguzo hazijasimama. Alikuja afisa wa kiwanda na kipaza sauti, na viatu ambavyo havijawahi kuona matope. Akasema gesi hii imelala chini ya ziwa letu tangu enzi za mababu na sasa inaamka kutuletea maendeleo. Tutakuwa na saluni, mashine za kusaga, soda baridi, mafundi wa kuchomelea vyuma. Akasema jirani wa kiwanda ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwaka. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Akinamama walicheza. Mimi nilicheza, tena mstari wa mbele.

Akaongeza kwamba asiyefanya instalasyo, yaani asiyetandaza nyaya ndani ya nyumba na kuweka swichi na prize za kuchomekea vyombo, hatafungiwa kashipawa, ile mita ya umeme wa kununua. Hapo ndipo mbuzi wa Nkanka walipoona cha moto. Watu waliuza wanyama, wakaita mafundi, kuta zikatobolewa, ampuli za taa zikaning'inia darini. Mimi nina swichi nne. Mpaka leo sijui zikielekea juu zimewasha au zimezima.

Kisha nguzo za chuma zikaja, na nyaya zikavutwa juu yake. Tukauliza mbona hazishuki kwetu. Injinia mmoja mpole akatueleza kwamba umeme huo ni mkubwa mno, ukiingia nyumbani kama ulivyo utatuunguza sote. Lazima kwanza uende mpaka kwenye transfo kubwa upunguzwe nguvu, ndipo urudi kwetu ukiwa mdogo, kwenye nguzo za miti. Tukasema sawa, uende, upunguzwe, urudi. Ulikwenda. Nadhani huko ulikokwenda ulikuta pazuri.

Lakini nguzo za miti nazo zililetwa, nawaomba mlikumbuke hilo. Zilimwagwa kando ya barabara, zimepakwa dawa nyeusi, watoto wakawa wanatembea juu yake kama daraja. Tulizipita kila siku tukienda kisimani. Zilikuwepo.

Sasa naja kwenye kosa letu, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya kama sisi.

Katika kanisa letu tunafundishwa kwamba mwenye imani hushukuru kabla hajapokea. Anayetafuta mtoto hununua kofia ya mtoto. Anayetafuta kazi hupiga pasi shati la kazi. Kisha husimama mbele ya wote na kutoa ushuhuda kama vile jambo limekwisha kutendeka, kwa kuwa kusema "sijapata" ni kumtilia Mungu shaka. Mimi mwenyewe nilishawahi kutoa ushuhuda wa paa la mabati nikiwa bado navujiwa, na mabati yakaja kweli. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kubisha. Nguzo zilipomwagwa barabarani mchungaji akatangaza Jumapili ya shukrani ya umeme. Kila nyumba ilileta ampuli moja. Tukazipanga kwenye sahani mbele ya madhabahu, zikaombewa, tukaimba, tukatoka nazo tukiwa tumezibeba kwa mikono miwili kama mayai. Yaya alilia siku ile. Alivaa kitenge chake cha sikukuu.

Juma lililofuata likaja daftari la mihigo. Kwa asiyejua, mihigo ni ahadi ambazo kila mudugudu huweka kwa mwaka, kisha hupimwa na kupewa alama. Mudugudu unaoshika mkia, viongozi wake husimamishwa mbele ya mkutano wa sekta watazamwe. Mwaka uliotangulia tulishika mkia sisi, kwa sababu ya vyoo. Mkuu wetu wa mudugudu ni mzee aliyekulia Uvira, mtu mwema na mwoga. Alisimama pale uwanjani akiwa ameshika kofia yake kifuani, na tangu siku ile aliapa hatasimama tena. Mimi nilikuwa katibu wake. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko tu, mwandiko wa watawa wa Bukavu, ule wa herufi zilizolala upande mmoja. Yaya alikuwa akinitania kwamba nikiandika orodha ya kunde watu watadhani ni barua ya askofu.

Tulikaa mimi na mzee kwenye benchi nje ya nyumba yake, daftari mapajani. Nyumba kwa nyumba: maji, choo, bima ya afya, mboga. Tukafika kwenye safu ya umeme. Ndiyo au hapana.

"Hapa niandike nini, Mzee?"

"Poto iko?"

"Iko. Nguzo zote zimelala chini."

"Nsinga iko?"

"Iko, ile waya ya juu."

"Instalasyo?"

"Bantu bote balifanya."

"Na tulishukuru mu kanisa?"

"Tulishukuru."

"Sasa inabakia nini? Andika ndiyo, Maman. Ukiandika hapana ni kama tulidanganya mbele ya Mungu. Na ku sekta batasema siye hatuonake kazi yabo."

Niliandika ndiyo. Sikushurutishwa, sikulewa, sikuwa na homa. Niliandika ndiyo kwa nyumba ya mzee, ndiyo kwa yangu, ndiyo kwa ya Yaya, ndiyo mpaka mwisho wa ukurasa, kila moja nzuri kama nyingine. Chini nikaweka saini. Mwaka ule hatukushika mkia. Mzee alininunulia Fanta.

Baada ya muda lori likaja kuchukua nguzo za miti. Vijana wa lori walituambia zinahitajika kwingine, kwenye mudugudu ambao bado hauna umeme. Hatukuelewa. Tulidhani zetu zitaletwa mpya, za saruji, maana sisi ndio majirani. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, watu wote wako nje na majembe, na nguvu ziko nyingi. Basi tukawasaidia kupakia. Narudia, kwa sababu nikilikumbuka jambo hili hujisikia kumpiga mtu na mtu huyo ni mimi. Tulizibeba nguzo zetu wenyewe mabegani, tukihesabu moja, mbili, tatu, tukazipandisha kwenye lori, na lilipoondoka tukalipungia mikono.

Yaya hakuwa mtu wa kukaa akitazama mlima. Alisema kuvezi ni joto tu, na joto Mungu alilitoa kabla ya umeme. Akakusanya mayai ya majirani, akayapanga kwenye trei, na chini akawa anaweka bidoni, yale madumu ya plastiki, zenye maji ya moto, akizibadilisha zikipoa. Jiko lake la makaa halikuzimika. Aliacha kwenda sokoni, akaacha hata kwenda kanisani. Mimi nilimsaidia kuchota na kuchemsha, na kila nikiingia nilimkuta na kipimajoto mkononi akikisoma kama barua ya mgonjwa. Nje, mita chache kutoka ukutani, nguzo ya chuma ilikuwa inavuma ile sauti yake nyembamba kama nyuki. Umeme wa kuangua mayai ya dunia nzima ulikuwa unapita juu ya bati lake.

Siku ya ishirini na moja hakuna yai lililopasuka. Akangoja siku tatu nyingine. Siku ya nne tulianza kusikia harufu. Tulitoka na mayai nyuma ya nyumba, akachimba shimo, akawa anayapasua moja moja. Mengi yalikuwa maji machafu. Kisha akapasua moja, akaacha kufanya kazi, akanyoosha kiganja anionyeshe. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, na mdomo, na kucha, na manyoya yaliyolowa. Kilikuwa kimejikunja, kimekufa.

"Huyu alifika," Yaya alisema. "Alikosa tu joto ya mwisho."

Hakulia. Ningependa angelia. Alikiweka shimoni polepole, akasawazisha udongo kwa mguu, akaniambia kesho yake tutapanda Kamembe kuuliza umeme wetu uko wapi.

Tulipanda moto mbili, yaani pikipiki za abiria, tukaenda mpaka ofisi ya umeme. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Aliuliza sekta, akauliza mudugudu, akapiga vitufe vyake, akatutazama kama watu tuliopotea.

"Lakini ninyi muna umeme," alisema.

"Siye?" Yaya akauliza.

"Mudugudu mzima. Nyumba zote. Hapa inaonyesha munawaka."

Yaya akamwambia kwamba anatoka huko asubuhi hii na jana alizika vifaranga. Kijana akasema pengine ni panne, hitilafu ya umeme, na kama ni panne kuna namba ya simu ya kuita mafundi. Tukaipiga palepale mbele yake. Mwanamke wa simu akatuomba namba ya kashipawa. Tukamwambia hatuna kashipawa. Akasema bila namba ya kashipawa hawezi kuandikisha panne. Yaya akamuuliza, kwa upole wa kutisha, sasa mtu ambaye hajapewa kashipawa aandikishe nini. Mwanamke akasema huyo ni mteja mpya, aende dirishani. Kijana wa dirishani akasema hawezi kupokea wateja wapya kutoka mudugudu uliokwisha kuwaka, mfumo unakataa. Huo ndio ulikuwa mzunguko, na sisi tulikuwa tunazungushwa ndani yake kama mahindi kinuni.

"Nani alisema tunawaka?" Yaya akapaza sauti.

Kijana akageuza kioo cha kompyuta upande wetu. Walikuwa wamepiga picha ukurasa wa daftari. Sikuhitaji kusogea. Herufi zilizolala upande mmoja niliziona kutoka pale nilipokuwa, na chini kabisa saini yangu ikiwa na mkia wake wa kujivuna.

Yaya aliuinamia ukurasa. Aliutambua mwandiko kabla ya kufika kwenye saini, najua. Hakunitukana. Alisema tu, "Eh. Barua ya askofu," akatoka nje.

Njiani nilijaribu kumweleza habari za mihigo, za mzee na kofia yake, za imani na ampuli madhabahuni. Tuliposhuka kwenye moto akanikata maneno. Mficha uchi hazai, alisema, na sisi tuliuficha wetu mbele ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuutazama. Hapo niliamua kwamba nitasema hadharani, hata kama nitafedheheka.

Nafasi ilijileta. Walikuja wageni kutoka mbali, waliotoa fedha za kiwanda, kuangalia jinsi jamii inayokaa na mitambo inavyoendelea. Walivaa kofia za plastiki ingawa kwetu hakuna kinachoanguka ila maparachichi. Mzee akaniomba nitoe neno la shukrani, kama ilivyo desturi. Mgeni hawezi kuja na kuondoka bila kushukuriwa. Nikamwambia nitasema. Alinijua. Akanishika mkono.

"Maman, nakuomba. Sema aksanti, ukae."

Nilisimama. Nikasema kwa Kiswahili kwamba tunawakaribisha, na kwamba mimi ndiye niliyeandika kuwa tuna umeme, na kwamba niliandika uongo. Nikasema hakuna hata nyumba moja inayowaka. Nikasema dada yangu alizika vifaranga vyake chini ya nyaya zao. Mkalimani, kijana mmoja wa kiwandani, akakohoa, akawageukia wageni, akawaambia kwa Kifaransa laini kwamba jamii inashukuru sana na inaomba umeme usiwe unakatikakatika.

Aliniona mama wa kijijini, kitenge na kandambili. Hakujua kwamba watawa hawakunifundisha mwandiko peke yake. Nilimkatiza, nikayasema yote upya kwa Kifaransa, na nikaongeza alichofanya yeye. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye kidaftari chake. Akanishukuru kwa kusema wazi. Kisha wakaangalia saa zao na kwenda kula, maana chakula kilikuwa tayari kiwandani.

Hicho kidaftari sijui kiko wapi leo. Kilichonirudia mimi ni wito wa sekta. Niliketishwa mbele ya meza, nikaambiwa nimeidanganya serikali kwa maandishi na kuaibisha wilaya mbele ya wageni. Niliwauliza ni lipi kati ya hayo mawili lililowaudhi. Nikaambiwa niandike barua ya kuomba radhi. Niliandika. Ndani yake nilieleza, safi kabisa, kwamba mudugudu wetu hauna umeme, na nikaomba daftari lirekebishwe. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikafungwa kwenye faili la nidhamu. Ya umeme haikuguswa. Ukatibu nikavuliwa.

Majirani? Msiniulize. Walewale waliouza mbuzi wao kwa ajili ya swichi waliacha kunisalimu mwezi mzima kwa kuwa nimewatia aibu mbele ya wageni. Mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Nilikaa benchi ya nyuma nikamkodolea macho mpaka akapoteza mstari wake.

Yaya hakungoja. Alipata chumba cha kupanga Gihundwe, karibu na Kamembe ambako umeme upo, njia ya hospitali, chumba kimoja na kibaraza. Siku ya kuhama ilikuwa Jumatatu asubuhi. Wanaume wanne waliibeba kuvezi mpaka barabarani kwa mwendo wa jeneza, na kitambaa cheupe bado kikiwa juu yake. Aliniachia ufunguo wa nyumba, na jiko, na bidoni. Nilimwambia nisamehe. Akasema alishanisamehe ofisini, ila kusamehe hakuangui mayai. Kisha gari likapanda mlima kwa njia ileile ya nyaya.

Nilikwenda kumtembelea ilipofika siku ya ishirini ya trei yake ya kwanza. Chumba chake ni kidogo, kitanda kinagusana na kuvezi, lakini juu ya mlango wa mashine kuna taa ndogo nyekundu, na inawaka. Akanivuta mkono, akanifanya niweke sikio kwenye mlango. Walikuwa wanalia ndani ya mayai. Hawajatoka bado, na tayari wanapiga kelele. Nilisimama pale nimeinama kama mtu anayesikiliza redio.

"Unasikia?" aliniuliza. "Hii umeme inatoka kwetu. Inapita juu ya nyumba yangu, inanikuta huku."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Mwaka huu daftari limerudi. Katibu aliyewekwa baada yangu aliandika ovyo, sekta ikarudisha kurasa, mzee akaja mlangoni kwangu na Fanta mkononi. Tulikaa kwenye benchi lilelile. Maji, choo, bima, mboga. Kwenye safu ya umeme sikumuuliza kitu. Niliandika hapana kwake, hapana kwangu, nikateremka hivyo. Yeye alikuwa anavuta pumzi kila ninapoandika, lakini hakunizuia. Nadhani naye amechoka na swichi zake.

Tukafika nyumba ya Yaya.

"Ile piga tu mustari," alisema. "Alishahama. Nyumba haina muntu haihesabiwake."

Kalamu ilibaki hewani. Nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Mwakani atahama fundi seremala aliyeko chini, anayepiga randa kwa mkono huku mashine yake imefunikwa gunia. Baada yake watahama wengine, na kila anayekwenda atapigwa mstari. Siku moja hesabu yetu itakuwa safi, hakutakuwa na nyumba hata moja isiyo na umeme jirani na kiwanda, na afisa atapanda na kipaza sauti kulitangaza.

Sikupiga mstari. Niliandika jina la dada yangu lote, na la marehemu mume wake. Kazi: kuangua mayai. Umeme: hapana. Herufi nilizilaza upande mmoja, taratibu, nikaweka na saini.

Mzee akajishika kichwa. "Na bakikuya kumutafuta? Bakimukosa, nitabaambia nini?"

"Utabaambia alifuata umeme yetu Gihundwe."